Mita Moja Juu ya Mto

Abiria anayetoka Mbezi kwenda Kibaha siku hizi haoni mto. Akishapita Kiluvya, kingo za daraja zinapita dirishani kwa sekunde chache, halafu kondakta anaanza kuita Maili Moja. Hata ukishuka garini wakati wa kiangazi ukautazama Mpiji kwa makusudi, unaweza kujiuliza daraja lote lile la nini: maji haba, mchanga, matete, na vijana wanaochota mchanga huo kwa koleo.

Jibu la swali hilo ndilo linalonifanya niwaheshimu wasanifu wa barabara. Kati ya Kimara na Kibaha kuna kilomita 19.2 ambazo upanuzi wake kutoka njia mbili hadi nane ulianza 2018, madaraja ya Kibamba, Kiluvya na Mpiji yakiwemo. Sifa za barabara kama hiyo huenda kwa aliyekata utepe, na zinazobaki huenda kwa mkandarasi, maana greda linaonekana. Kazi ninayotaka kuisifu hufanyika miaka kadhaa kabla greda halijawashwa, nayo huacha karatasi tu: upembuzi yakinifu, usanifu wa awali, usanifu wa kina, na makabrasha ya zabuni ambayo wengi huyafungua kwenye ukurasa wa bei peke yake. Nautaja Mpiji kwa sababu tunaujua; hesabu nitakazotoa ni za mfano, za barabara yoyote ya njia nne yenye ukanda wa kati inayovuka mto wa aina hii.

Mambo huanza na makarani wa kuhesabu magari, wanaokaa chini ya mwavuli usiku na mchana, wiki nzima, fomu mkononi: bodaboda, daladala, basi, lori la ekseli mbili, lori lenye tela. Idadi ya magari huamua upana wa barabara, lakini unene wake huamuliwa na uzito wa ekseli. Jaribio kubwa lililofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba ekseli ikiongezeka uzito mara mbili, madhara yake kwa barabara huongezeka kama mara kumi na sita. Kwenye njia inayobeba shehena za Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, msanifu anaweza kuyaacha magari madogo yote nje ya hesabu ya unene na asipungukiwe kitu. Sehemu hii naipita haraka, kwa kuwa ina majedwali yake na programu zake za kompyuta. Mto ndio mgumu.

Mpiji unaanzia vilima vya Pugu na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo. Mito midogo kama huu kwa kawaida haina kumbukumbu ndefu za vipimo. Hakuna aliyesimama ukingoni nusu karne akiandika kina cha maji kila asubuhi. Kwa hiyo msanifu ana njia mbili. Ya kwanza ni ya vitabu. Miaka ya 1970 maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara ilipima mvua na mtiririko wa maji katika mabonde madogo ya Kenya na Uganda, na mwaka 1976 ikachapisha njia ya kukadiria mafuriko ya Afrika Mashariki ambayo wahandisi wa huku wameirithi. Unaipa ukubwa wa bonde, mteremko wake, aina ya udongo, uoto na mvua. Nayo inakupa wingi wa maji yatakayopita chini ya daraja kwa sekunde. Njia ya pili ni kuuliza watu.

Hapa ndipo ufundi huu unaponikamata. Mhandisi anaacha gari barabarani, anafuata kijia cha ukingoni, na kwenye nyumba ya kwanza anaanza na shikamoo. Hapimi kitu mpaka salamu ziishe.

"Mzee, mwaka gani maji yalipanda kuliko miaka yote?"

Jibu haliji kwa tarakimu. Ni mwaka wa El Nino, au mwaka alioolewa binti wa jirani.

"Yalifika wapi?"

Mzee ananyanyuka na kuonyesha kwa bakora: pale, chini kidogo ya dirisha la jiko, au kwenye ule mwembe, tawi la kwanza, tulikuta majani makavu na mfuko wa saruji umening'inia. Mpima anasimamisha fimbo yake ya vipimo palepale na kusoma kimo kwa milimita. Kisha wanakwenda nyumba ya pili, bila kutaja walichoambiwa ya kwanza. Halafu ya tatu. Wazee wakipishana sana, hesabu ya kitabu ndiyo inayoshika usukani. Lakini wazee watatu wa nyumba tatu wakikubaliana na kitabu kikawakatalia, msanifu mzuri anarudi kwenye kitabu kutafuta alipopotelea.

Baada ya hapo anachagua mafuriko ya kujengea. Husemwa "mafuriko ya miaka hamsini", na wengi hudhani yakishatokea basi, tumepumzika hadi nusu karne nyingine. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 2 katika 100 ya maji kufika kimo hicho au kukipita. Kwa daraja litakalotumika miaka 50, nafasi ya kukutana na maji hayo walau mara moja ni karibu asilimia 64. Ukijengea mafuriko ya miaka 100, inashuka hadi karibu asilimia 40. Haitakuwa sifuri hata ukilipandisha daraja mawinguni. Msanifu anachofanya ni kuandika waziwazi tunakubali hatari kiasi gani, na kutia sahihi yake chini.

Tena bonde lenyewe halitulii. Kichaka hunywa mvua. Mtaa wa mabati na nyua za saruji huirudisha mtoni yote, tena kwa haraka. Msanifu wa leo anatakiwa kukadiria maji ya mji ambao haujajengwa, na bei ya kukadiria kidogo tunaijua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 Dar es Salaam, na Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi kwa sababu mto Msimbazi ukijaa hupita juu ya lami badala ya kupita chini yake. Mpango wa bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, una daraja jipya refu la Jangwani ndani yake. Huko ni kununua leo kimo ambacho hakikununuliwa zamani, na kwa bei ya leo.

Na kimo kina bei ya ajabu. Chukua njia nne za mita 3.5 kila moja, ukanda wa kati, mabega na njia za waenda kwa miguu: tuseme mita 24 juu ya tuta. Udongo hausimami wima. Ubavu wa tuta hulazwa, mara nyingi mita 2 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kimo. Tuta la mita 5 lina upana wa mita 44 kitakoni. Sasa mtaalamu wa maji anasema: pandisha daraja mita moja. Kitako kinafika mita 48. Udongo katika kila mita ya urefu wa barabara unatoka mita za ujazo 170 hadi 216, ongezeko la 46, yaani tipa tatu hivi. Kwa mita mia mbili za tuta ni tipa kama mia sita, na udongo huo lazima utoke kwenye kilima cha mtu. Kama barabara inapanda kwa asilimia 3, mahali inapoanzia kupanda panarudi nyuma mita 33 kila upande wa mto, na huenda katika mita hizo 33 kuna njia ya kuingilia kituo cha mafuta ambayo sasa itabaki shimoni.

Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 60. Ukitoa 48 zinabaki 6 kila upande, na humo wanagombania mtaro, bomba la maji, nguzo za umeme na barabara ya pembeni. Baada ya hapo ni kuta za nyumba za watu. Waliobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 hawahitaji mhandisi awaeleze uzito wa mita moja.

Kazi hii ni kama bao: ukichota kete za shimo moja huna budi kuzigawa kwenye mengine, na mchezaji hodari anajua zitakapoishia kabla hajachota. Msanifu ana mashimo kadhaa ya kuchota. Anaweza kusimamisha ukuta wa zege badala ya ubavu wa udongo. Utaokoa ardhi, utakula fedha. Anaweza kurefusha daraja na kufupisha tuta, maji yapate mlango mpana na yasipande sana. Au aguse unene wa daraja lenyewe. Boriti ya zege inayovuka mita 30 inahitaji kimo cha mita 1.6 hivi, ya mita 15 inatosha chini ya mita moja. Ukiweka nguzo katikati, umejirudishia zaidi ya nusu mita bila kugusa tuta. Lakini nguzo ya katikati ya mto hukamata magogo, na magogo hukamata matawi, hadi mlango uliohesabiwa kwa maji matupu unazibwa na mti mzima ulioshuka na mvua. Ndiyo maana kati ya kimo cha mafuriko na tumbo la daraja huachwa nafasi ya wazi. Anayeiona nafasi hiyo kwenye mchoro akadhani ni ya kupunguziwa gharama hajawahi kuona mto ukishuka na mwembe.

Wakati haya yanabishaniwa ofisini, bondeni kuna mtambo wa miguu mitatu unaotoboa ardhi. Kila baada ya mita moja na nusu hivi kuchimba kunasimamishwa, bomba nene linashushwa shimoni, na nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa juu yake kutoka sentimita 76. Fundi anahesabu mapigo ya kulizamisha sentimita 30. Mfinyanzi laini huandika mbili, tatu. Mchanga ulioshikana huandika thelathini. Ikifika hamsini na bomba halijamaliza safari yake, wanaandika kwamba limegoma na jaribio hilo linaishia hapo. Ukizikuta tarakimu hizo zimepangwa kutoka juu kwenda chini utadhani karatasi ya kuchosha kuliko zote katika kabrasha, lakini daraja zima linasimama juu yake.

Hapa kuna jambo ambalo macho hayaoni. Maji ya mafuriko yakigonga nguzo hujipindia chini na kufukua mchanga wa miguuni pake. Mafuriko yakipungua, mchanga mpya hutua na kulifunika shimo. Mkaguzi anayekuja kiangazi hukuta mto umetulia na nguzo imezikwa vizuri, kumbe wiki chache nyuma ilikuwa imesimama hewani nusu ya urefu wake. Kwa hiyo msanifu huzihesabu nguzo kana kwamba mchanga wa juu haupo. Na wale vijana wenye koleo? Nao wamo katika hesabu, au wangepaswa kuwamo: kila tipa ya mchanga inayotoka mtoni inashusha sakafu ya mto kuelekea kitako cha nguzo. Kuongeza urefu wa nguzo kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuzuia biashara inayolisha familia, na mimi naona msanifu anayelijua hilo ana busara kuliko anayeandika tu kwamba uchimbaji umepigwa marufuku.

Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Maji yanapokata barabara namna hiyo, tuta ndilo huwa la kwanza kukubali kwenda. Pale tuta linapokutana na daraja pana udhaifu mwingine tena, wa kila siku, ambao kila abiria wa kiti cha nyuma anaujua kwa mgongo wake. Gari linaruka likiingia darajani na kuruka tena likitoka. Tuta la mita 5 hulemea kila mita ya mraba kwa tani kama 10. Mfinyanzi wa bondeni ukilemewa hivyo hukamuliwa maji taratibu, kwa miezi au miaka, na tuta linashuka nao. Daraja liko juu ya nguzo zilizofika udongo mgumu, haliendi popote.

Dawa yake ni subira iliyoandikwa kwenye mkataba. Tuta linajazwa mapema, tena kwa udongo wa ziada juu yake, na kuachwa. Chini yake kumelazwa mabamba yenye fimbo zinazochomoza, na kila wiki mpima anakuja kusoma zimeshuka kiasi gani. Mkandarasi haruhusiwi kumwaga lami mpaka vipimo vionyeshe kwamba mshuko umekwisha au umebaki kidogo sana. Kila mtu anamchukia msanifu wakati huo: mkandarasi ana mitambo imesimama, viongozi wana tarehe ya ufunguzi, wananchi wanakula vumbi. Kisha, kwa usalama zaidi, huwekwa bamba la zege ambalo upande mmoja limekalia ukuta wa daraja na upande wa pili limekalia udongo, ili kinachobaki cha kushuka kigeuke mteremko mdogo badala ya ngazi.

Ukanda wa kati una mitego yake. Kwenye mnyoofu, kila upande wa barabara humwaga maji kwenda nje na hakuna tatizo. Kwenye kona, lami yote huinamishwa upande mmoja ili gari lisitupwe nje, na hapo maji ya upande wa juu humwagikia katikati. Msanifu asipoweka mtaro na mashimo ya kuyapokea, yatavuka upande wa pili yakiwa kama kioo, na dereva wa usiku atayagundua kwa matairi. Kuna na kipande kifupi kati ya mnyoofu na kona ambapo mwinamo unageuka, na kwa mita kadhaa lami haina mwinamo wowote. Kipande hicho kikiangukia juu ya daraja, maji yatasimama hapo kila mvua. Msanifu mzuri huisogeza kona yote, mbali kabisa na mto, kwa sababu ya madimbwi ambayo hakuna atakayemshukuru kwa kuyaepusha.

Halafu, daraja moja pana au mawili? Mimi ni wa mawili. Moja likihitaji matengenezo, la pili linabeba pande zote mbili kwa muda, na barabara ya kwenda mikoani haifungwi. Lakini mawili yanadai umakini. Mto ukiikata barabara kwa mshazari, nguzo za daraja la chini lazima zikae kwenye kivuli cha nguzo za daraja la juu kufuata mkondo, la sivyo maji yanayogawanywa na za kwanza yatatupwa moja kwa moja kwenye za pili. Na ule mwanya kati ya madaraja mawili umeshaua watu sehemu nyingi duniani: gari limeharibika usiku, mtu anaruka ukingo kukimbia magari yanayokuja, akidhani ng'ambo kuna ardhi. Msanifu aliyewahi kusoma ripoti za ajali huufunika mwanya, au huupanua na kuinua kingo kiasi kwamba hakuna anayeweza kukosea gizani.

Kuhusu wanaovuka kwa miguu nina neno kali kidogo. Barabara ya njia nyingi hupasua mtaa vipande viwili: shule huku, kisima kule. Daraja la waenda kwa miguu lenye ngazi ndefu linapendeza kwenye picha, ila mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani atapita katikati ya magari hata ukimwekea uzio. Wasanifu ninaowastahi hutembea barabarani asubuhi kabla ya kuchora, wanaweka alama kila kijia kinapokutana na lami, na ndipo huamua vivuko viwe wapi. Penye tuta refu karibu na mto wana nafasi ya dhahabu: kurefusha daraja kidogo ili watu, ng'ombe na bodaboda wapite chini yake kwenye nchi kavu, bila ngazi hata moja.

Mwishoni mwa kabrasha kuna mchoro wa kichwa cha nguzo. Boriti za daraja hazilali moja kwa moja juu ya zege. Zinakalia vipande vya mpira vyenye mabati ndani yake, ambavyo mafundi huviita beringi, ili daraja liweze kutanuka kwa jua na kunywea usiku. Mpira huchoka kabla ya zege. Kuna siku, labda miaka thelathini baadaye, itabidi boriti ziinuliwe milimita chache, beringi za zamani zitolewe na mpya ziingizwe. Kama kichwa cha nguzo kilifanywa chembamba ili kuokoa zege, hakuna mahali pa kuweka jeki, na kazi ya siku chache inakuwa ya miezi, ya kujenga majukwaa kutoka mtoni. Msanifu makini hukipanua kichwa hicho, huongeza nondo mahali jeki zitakaposukuma, na kuandika kwenye mchoro zikae wapi na zibebe tani ngapi. Mimi nikipewa michoro ya daraja lolote, huanza na ukurasa huo.